Programu inazaa watoto wanaganda, gdb imeng'ang'ania mama. Wajuzi wa Linux msaada

#1 Lori_la_Tunduma

Wakuu habari za jioni.

Nina seva ndogo ya C, huu ni mwaka wake wa tatu kazini. Inapokea taarifa za malori. Kila lori lina kifaa kinachotuma mahali lilipo. Kifaa kinafungua soketi ya TCP, seva inaipokea kwa `accept()`, inaita `fork()`, yaani inajinakili: nakala mpya ndiye mtoto, ya awali ndiye mama. Mtoto anahudumia kifaa hicho na mama anarudi mlangoni kusubiri kingine. Mtindo wa kizamani, najua, msianze kunishambulia, niliukuta.

Shida ilianza wiki tatu zilizopita. Mara mojamoja, labda mtoto mmoja kati ya mia kadhaa, anazaliwa halafu kimya. Hafi, hajibu, hali CPU. Lori linaonekana kwenye ramani limesimama Makambako kumbe dereva yuko Mbeya anakunywa chai. Nikipiga `ps` (orodha ya prosesi, yaani programu zinazoendeshwa) naona watoto wengi waliolala, na pembeni rundo la `<defunct>`.

Nimeiendesha kwa gdb (dibaga, programu ya kusakia hitilafu), nikaweka breki (alama ya kuisimamisha) kwenye `hudumia_kifaa()`, ambayo huitwa na mtoto tu. Breki haijashika hata siku moja! Ninachopata ni huu mstari:

```
[Detaching after fork from child process 4127]
```

na kifaa kinahudumiwa kama kawaida. Nimemwaga `printf` kila kona, nazo zimeniletea mapya: baadhi ya mistari inatoka mara mbili kwenye faili la logi, ila nikiendesha kwenye terminali inatoka mara moja. Nimechoka. Mwenye kujua aje.

#2 pweza_bara

Nimekaa kwenye kona pale, wajuzi wakifika mniamshe.

#3 Nahodha_wa_C

Mkuu, gdb haijakosea, imefanya ilichozoea. Programu ikizaa, gdb inabidi ichague wa kumfuata, na isipoambiwa kitu inabaki na mama. Mtoto inamwacha aende zake, na kabla ya kumwacha inafuta breki kwenye nakala yake ya kumbukumbu. Ndiyo maana anapita `hudumia_kifaa()` kama vile hukuweka kitu. Kabla ya `run` andika:

```
(gdb) set follow-fork-mode child
(gdb) break hudumia_kifaa
(gdb) run
```

Sasa itaondoka na mtoto na mama ataachiwa. Ubaya wake utauona mara moja: ukishamfuata mtoto wa kwanza, wadogo zake huwaoni tena. Ukitaka kuwashika wote, mama na mtoto:

```
(gdb) set detach-on-fork off
(gdb) info inferiors
  Num  Description
* 1    process 5210
  2    process 5218
(gdb) inferior 2
```

`info inferiors` inakuorodheshea familia, `inferior 2` inakuhamishia kwa namba mbili. Lakini hapo anatembea mmoja tu, mwingine amesimamishwa. Usije ukashangaa malori yanapiga hodi na hakuna anayefungua: ukiwa kwa mtoto, mama ameshikwa na gdb, nani aite `accept()`? Kuna `set schedule-multiple on` ili watembee pamoja, ila kwa seva yenye watoto mia humo utapotea, mimi simshauri mtu.

Hiyo ya `printf` mara mbili ni kitu kingine kabisa. `printf` haiandiki moja kwa moja, inaweka kwenye bafa iliyo ndani ya kumbukumbu ya programu. Kwenye terminali bafa humwagwa kila mstari unapoisha. Ukielekeza kwenye faili au paipu (mfereji wa data kati ya prosesi), bafa hukaa mpaka ijae. Ukiita `fork()` bafa ikiwa bado na maneno, mtoto anarithi nakala yake, na maneno yaleyale yanamwagwa mara mbili, mara na mama, mara na mtoto. Ita `fflush(NULL)` kabla ya `fork()`, na mtoto asiyefanya `exec` (kugeuka programu nyingine) amalizie kwa `_exit()` badala ya `exit()`. Na kwa kutafuta hitilafu tumia `stderr`, ile haina bafa.

#4 Lori_la_Tunduma

Nahodha ubarikiwe, breki imeshika! `printf` nayo imetulia.

Ila sasa ndani ya gdb mtoto haugui. Nimekaa saa mbili nikijifanya kifaa, nimetuma taarifa mara arobaini kwa mkono, watoto wote wazima. Nikitoka gdb, usiku tu ukiingia wanaganda.

#5 MamaKeneli

Mdogo wangu, kwa nini unamtafuta mgonjwa kwenye gdb wakati amelala kitandani kwako? Mtoto aliyeganda hajafa. Mwache seva iende kama kawaida, agande mwenyewe, halafu umshike hapohapo alipo:

```
ps -eo pid,ppid,stat,wchan:20,cmd --forest
gdb -p 7731
(gdb) bt
```

`--forest` inakuchorea ukoo, nani mama nani mtoto. `bt` inaorodhesha fanksheni zilizoitana mpaka hapo alipo. Safu ya `wchan` inakuonyesha mtoto amelala sehemu gani ndani ya keneli (kiini cha Linux), na hiyo peke yake mara nyingi inatosha kukuelekeza. Akiwa anasubiri data kwenye soketi utajua, akiwa anasubiri kufuli (kizuizi kinachoruhusu mmoja tu kupita kwa zamu) utajua.

Ukikataliwa na gdb, angalia `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`. Kwenye Ubuntu huwa ni 1, maana yake prosesi inaruhusiwa kushika wazao wake tu, siyo prosesi ya pembeni hata kama ni ya mtumiaji yuleyule. Tumia `sudo`. Kama seva iko ndani ya kontena ya Docker, huenda ukahitaji kuianzisha kwa `--cap-add=SYS_PTRACE`.

Kwa siku nyingine, ambapo mtoto anakufa haraka mno hata huwahi kumshika, mwekee pa kusubiri mara tu baada ya kuzaliwa:

```c
if (pid == 0) {
    if (getenv("SUBIRI_DIBAGA")) {
        volatile int subiri = 1;
        while (subiri) sleep(1);
    }
    hudumia_kifaa(soketi);
    _exit(0);
}
```

Unamshika kwa `gdb -p`, unapanda kwa `up` mpaka kwenye fremu hiyo, unaandika `set var subiri = 0`, unaweka breki zako, unamwachia. Hiyo `volatile` usiiache. Ukikompaili kwa `-O2` bila hiyo, kompaila inaona hakuna anayebadilisha `subiri`, inaifuta, na gdb inakujibu `<optimized out>`. Nilipoteza mchana mzima kwa sababu hiyo nikiwa mgeni kwenye kazi hii.

PostgreSQL, ile hifadhidata, wenyewe wana kitu cha namna hii. Ile nayo inazaa prosesi kwa kila muunganisho, na wametuwekea `pre_auth_delay` na `post_auth_delay`, mtoto achelewe sekunde kadhaa ili dibaga iwahi kumshika. Na kama muunganisho tayari upo, `SELECT pg_backend_pid();` inakupa namba ya mtoto wako moja kwa moja.

#6 Lori_la_Tunduma

Dada MamaKeneli, nimepata mgonjwa mmoja saa hizi, lakini:

```
ptrace: Operation not permitted.
```

Na nimetumia `sudo`! Au seva yangu imelogwa?

#7 MamaKeneli

Haijalogwa. Angalia:

```
grep TracerPid /proc/7731/status
```

Ikileta namba isiyo 0, kuna mwingine amemshika tayari. Prosesi moja hushikwa na mmoja tu kwa wakati. gdb na strace (inayorekodi kila programu inachoiomba keneli) wote wanapita mlango uleule wa `ptrace`.

#8 Lori_la_Tunduma

Aibu naona mimi. Nilikuwa na `strace -f -p` kwenye dirisha jingine tangu asubuhi, nikaisahau.

#9 pweza_bara

Mke mmoja waume wawili, hata keneli imekataa 😂

#10 Kisauni_usiku

Salaam kutoka Mombasa. Kabla hujaifunga hiyo strace, hebu isome kwanza, huenda jibu limo humo tayari. Ushauri wangu mimi, tumia `-ff` pamoja na `-o`:

```
strace -ff -o /tmp/ukoo -p 2201
```

Kila mtoto anapata faili lake, `/tmp/ukoo.7731`, `/tmp/ukoo.7732`, na kuendelea. Kwa `-f` peke yake wote wanaandika mahali pamoja, yanakuwa makelele ya sokoni. Na usitafute neno `fork` humo, hutaliona: kwenye Linux ya leo glibc (maktaba ya C) inapitisha `fork()` kwa `clone`. Tazama mstari wa mwisho wa faili la mtoto aliyeganda, ndipo alipoishia.

#11 MzeeWaUnix

Vijana, mnakwenda vizuri lakini mmeruka hatua.

La kwanza, hao `<defunct>`. Ni misukule: prosesi imeshakufa, kumbukumbu yake imeachiwa, imebaki jina tu kwenye daftari la keneli kwa sababu mama hajaja kuuliza imekufaje. Sio ugonjwa wako mkuu, lakini wanajaza daftari na wanakuvuruga macho. Naweza kubashiri msimbo wako wa `SIGCHLD` (ishara ya kwamba mtoto amekufa) unaita `waitpid()` mara moja tu kwa kila ishara. Ishara hiyo haipangwi foleni. Watoto watano wakifa kwa pamoja, mama anaweza kupata hodi moja. Anamzika mmoja, wanne wanabaki misukule. Zungusha:

```c
int e = errno;
while (waitpid(-1, &hali, WNOHANG) > 0)
    ;
errno = e;
```

Na usiite `printf` ndani ya kishika ishara, hairuhusiwi humo. Hiyo `hali` usiitupe bure. `WIFSIGNALED(hali)` ikiwa kweli, `WTERMSIG(hali)` inakutajia ishara iliyomuua: 11 amegusa kumbukumbu isiyo yake, 9 amepigwa risasi, mara nyingi na keneli yenyewe RAM ilipokwisha. Nimeona watu wakisaka hitilafu kwa wiki nzima kwenye watoto wanaokufa, kumbe mama alikuwa na cheti cha kifo mkononi hakukisoma.

La pili, ambalo mimi hufanya kabla ya yote: funga uzazi. Ipe seva yako kigezo cha kuiambia isizae, ihudumie kifaa kimoja kimoja yenyewe. `sshd -d` inafanya hivyo, haizai na inapokea muunganisho mmoja tu. `httpd -X` ya Apache vilevile, mfanyakazi mmoja na haijitoi kwenye terminali. Kama kuganda kunatokea hata bila `fork()`, umepoteza muda wako na watoto bure, hitilafu iko kwenye `hudumia_kifaa()`. Kama kunatoweka, basi kuzaa kwenyewe ndiko kuna jambo.

#12 Lori_la_Tunduma

Shikamoo mzee. Umebashiri sawasawa, `waitpid` ilikuwa moja. Nimezungusha, misukule imekwisha, ilikuwa mia na kitu.

Nimeweka kigezo cha `--pekee`, nikaacha usiku mzima na vifaa vya majaribio. Taratibu sana, lakini hakuna kilichoganda. Nikarudisha `fork()`, saa mbili tu, watatu wameganda. Kwa hiyo ni kuzaa.

Nimemshika mmoja wao:

```
(gdb) bt
#0  __lll_lock_wait ()
#1  pthread_mutex_lock ()
#2  andika_logi (ujumbe=0x7ffc...) at logi.c:58
#3  hudumia_kifaa (soketi=9) at seva.c:131
#4  main () at seva.c:214
(gdb) info threads
  Id   Target Id                          Frame
* 1    Thread 0x7f... (LWP 7731) "seva"   __lll_lock_wait ()
```

Na faili la strace lake linaishia kwenye `futex(..., FUTEX_WAIT_PRIVATE, 2, NULL`, hakuna jibu. Anasubiri kufuli la logi. Lakini nani kalishika? Ndani ya mtoto kuna uzi (mkondo wa kazi ndani ya prosesi) mmoja tu, yeye mwenyewe!

#13 Nahodha_wa_C

Sasa tumefika. Usitoke kwenye gdb. Kufuli lako linaitwaje? Kwenye glibc kufuli linakumbuka namba ya uzi ulioshika. Andika:

```
(gdb) print kufuli_logi.__data.__owner
```

halafu kwenye terminali nyingine orodhesha nyuzi za mama, `ls /proc/2201/task`. Lete zote mbili hapa.

#14 Lori_la_Tunduma

```
(gdb) print kufuli_logi.__data.__owner
$1 = 2212

$ ls /proc/2201/task
2201  2212
```

Wakuu... 2212 ni uzi wa MAMA. Mtoto anasubiri kufuli lililoshikwa na mtu aliye nyumba nyingine?

#15 MamaKeneli

Ndiyo, na atasubiri mpaka kiama.

`fork()` inanakili kumbukumbu yote ya mama, lakini uzi unaovuka kwenda kwa mtoto ni ule mmoja tu ulioita `fork()`. Nyuzi nyingine hazivuki. Mama ana nyuzi mbili, 2201 unaopokea malori na 2212, naona huo ni wa logi. Sekunde ile 2201 inaita `fork()`, 2212 ilikuwa katikati ya kuandika, kufuli limefungwa. Mtoto akanakiliwa pamoja na kufuli likiwa limefungwa. Kwa mama, 2212 ilimaliza na kufungua, maisha yakaendelea. Kwa mtoto, mwenye ufunguo hakuzaliwa kabisa. Nakala ya kufuli ipo, mfunguaji hayupo.

Ndiyo maana hukumpata mgonjwa ukiwa unatuma kwa mkono. Kifaa kimoja kimoja, uzi wa logi ulikuwa umelala kila `fork()` ilipoitwa. Usiku malori yakituma kwa wingi, logi haipumziki, na kila `fork()` ni bahati nasibu. Na kama uzi huo unaita `fsync()` (kusubiri data ifike diski) huku umeshika kufuli, umeiongezea bahati hiyo tiketi nyingi.

Sasa swali langu, huo uzi wa logi uliingia lini?

#16 Lori_la_Tunduma

Wiki tatu zilizopita 🤦🏾‍♂️

Kijana wetu ofisini aliona kuandika diski kunachelewesha seva, akahamishia logi kwenye uzi wa pembeni. Kazi nzuri, hata mimi niliipitisha. Ujumbe unaingizwa kwenye foleni yenye kufuli, uzi wa pembeni unafunga, unaandika, unaita `fsync()`, unafungua. Hakuna aliyekumbuka kwamba watoto nao huita `andika_logi()`.

Msimlaumu, mimi ndiye niliyepitisha.

#17 MzeeWaUnix

Hakuna wa kulaumiwa, hivi vitu viwili vilizaliwa mbalimbali. Wazo la `fork` Melvin Conway aliliandika mwaka 1963, na Unix ikaanza nalo tangu utoto wake. Nyuzi za POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix) zimekuja kuwa kiwango mwaka 1995. `fork` ilikuwa mtu mzima mwenye familia wakati nyuzi zinabatizwa. Kiwango kikaishia kusema hivi: programu yenye nyuzi nyingi ikizaa, mtoto asiite kitu chochote zaidi ya vile vichache vilivyo salama ndani ya kishika ishara, mpaka afanye `exec`. `write()` sawa. `printf()` hapana. `malloc()` kwa maandishi ya kiwango hapana, ingawa glibc inajitahidi kulinda makufuli yake yenyewe ya `malloc` wakati wa kuzaa. Kufuli lako wewe hailijui.

#18 nyoka_mwekundu

Samahani kuingilia, mimi mtu wa Python. Mnachokisema ndicho kinachonipata kwenye `multiprocessing`? Watoto wangu wanaganda, na nikiweka `breakpoint()` ndani ya mtoto inakufa papo hapo kwa `BdbQuit`, hata sipati nafasi ya kuandika.

#19 Kisauni_usiku

Ndugu, hayo ni mambo mawili. `BdbQuit` ni kwa sababu `multiprocessing` humfunga mtoto mdomo na masikio: `stdin` yake inaelekezwa `/dev/null`. pdb, dibaga ya Python, inasoma, inakuta faili limekwisha, inaondoka. Kwa aliyeganda tumia `py-spy dump --pid` namba yake, inakuchapia mahali alipo bila kubadilisha msimbo. Au mapema kabisa, `faulthandler.register(signal.SIGUSR1)`, kisha akiganda unampiga `kill -USR1` naye anatema ramani yake kwenye `stderr`.

Kuganda kwenyewe, ndiyo, huenda ni hili hili. Python 3.12 ilianza kutoa onyo ukizaa ukiwa na nyuzi zaidi ya moja, na 3.14 ikaacha `fork` kuwa chaguo la kawaida kwenye Linux, sasa ni `forkserver`. Jaribu `set_start_method("spawn")`, ukiona kuganda kumetoweka umeshajua. Na kagua muunganisho wako wa hifadhidata usifunguliwe kabla ya kuzaa. Watoto wawili kwenye soketi moja wanasomeana majibu, huyu anapata nusu ya jibu la yule.

#20 nyoka_mwekundu

`spawn` imekwenda. Nilikuwa nafungua muunganisho juu kabisa ya faili pia, nimeuhamisha. Asante sana kaka.

#21 Nahodha_wa_C

Turudi kwa malori. Dawa ya haraka ni `pthread_atfork()`. Unasajili vipande vitatu: kabla ya kuzaa unafunga kufuli la logi mwenyewe, baada ya kuzaa mama anafungua lake, mtoto anafungua lake. Hivyo `fork()` haiwezi kutokea uzi mwingine ukiwa umelishika. Mistari kumi, unalala leo.

#22 MamaKeneli

Nahodha nakuheshimu, lakini hiyo ni bandeji. Kwanza kila `fork()` sasa itasubiri `fsync()` imalizike, na kero waliyoikimbia inarudi kupitia dirishani. Pili, mtoto akishafunguliwa kufuli ataweka ujumbe kwenye foleni ambayo nani ataisoma? Uzi wa logi haukuvuka! Foleni ya mtoto itajaa ujumbe usioandikwa kamwe. Hataganda, atakuwa bubu, na bubu ni vigumu kumgundua kuliko aliyeganda.

Mimi ningeuondoa uzi huo kabisa. Logi iwe prosesi yake, izaliwe kwanza kabla ya malori. Mama na watoto wote wanaiandikia kupitia paipu moja. Kwenye Linux, maandishi yasiyozidi baiti 4096 kwa `write()` moja kwenye paipu hayachanganyikani na ya mwingine, kwa hiyo kila ujumbe ukiwa mstari mmoja mfupi huhitaji kufuli lolote.

#23 Nahodha_wa_C

Hilo la foleni sikuliona. Nakubali, uende na paipu.

Ila mkuu, kumbuka kufunga ncha. Prosesi ya logi ifunge ncha yake ya kuandikia mara tu inapozaliwa, la sivyo haitaona mwisho wa paipu hata wengine wote wakiondoka, maana yenyewe bado imeishika. Hilo nalo ni kuganda kwingine, utatufungulia uzi mpya.

#24 pweza_bara

Uzi kuhusu nyuzi umezaa uzi. Nimeshaamka, endeleeni.

#25 Lori_la_Tunduma

Mrejesho wakuu, siku sita baadaye.

Logi ni prosesi sasa, paipu inafanya kazi, uzi 2212 umepumzishwa kwa heshima. Watoto walioganda tangu Jumatatu: sifuri. Nilianguka kwenye shimo la Nahodha hata baada ya kuonywa. Ncha ya logi yenyewe niliifunga, lakini nilipozima seva mpya prosesi ya logi haikuondoka. `ls -l /proc/*/fd` ikanionyesha mtoto mmoja wa zamani bado anahudumia kifaa na ameshika ncha ya kuandikia. Nimewafanya watoto wamalizike mama akiondoka.

Nimeiacha `SUBIRI_DIBAGA` kwenye msimbo, na `--pekee` pia. Kijana nimemkalisha, tumesoma pamoja `bt` ile mstari kwa mstari.

Limebaki moja. Kuna msukule mmoja mpya, 7731, haondoki. Sijathubutu kuizima seva ya zamani, inamalizia vifaa vichache. `waitpid` inazunguka vizuri, wengine wote wanazikwa, huyu mama anampita. Nimempiga `kill -9`, wapi.

#26 MamaKeneli

Huwezi kumuua aliyekwisha kufa. 7731 si ndiye yule uliyemshika kwa gdb ukatuletea `bt`? `grep TracerPid /proc/7731/status`.

#27 Lori_la_Tunduma

```
TracerPid:	7902
```

7902 ni gdb. Nilitoka kwenye dirisha lile bila kuifunga, imekaa inasubiri amri wiki nzima, mama hapewi maiti azike kwa sababu gdb ndiye amemshika.

Nimeandika `quit`. Ameondoka.